Matope ya Luchelele na matope ya Singidani: nilivyokuza bakteria wa chumvi darasani

Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari jijini Mwanza, na kwa miaka mingi mada ya bakteria ilinisumbua kuliko nyingine zote, kwa sababu hadubini yetu moja haikuwatosha wanafunzi hamsini, na mchoro wa kitabuni haukumshawishi yeyote kwamba matope ya ziwa analoliona kila siku yamejaa uhai. Nilitaka waushuhudie uhai huo kwa macho yao, na pia waelewe kwa nini ardhioevu ya maji baridi na ile ya chumvi hazina wakazi wale wale.

Njia niliyoitumia ilibuniwa na Sergei Winogradsky, mwanasayansi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi mwaka 1856. Matope huwekwa katika chombo kinachopitisha mwanga, yakatiwa chakula cha bakteria, kisha yakaachwa kwa wiki kadhaa. Nilikata shingo za chupa za maji za lita moja na nusu, nikaenda Luchelele, kando ya Ziwa Victoria, kuchota matope pembezoni mwa mafunjo, nikiwa nimevaa gambuti na glavu kwa kuhofia kichocho. Mzee mmoja mvuvi, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, aliniuliza, "Mwalimu, matope haya yanayonuka unayapeleka wapi?" Nilimwahidi kwamba yakibadilika nitamletea ayaone.

Chini ya kila chupa niliweka matope yaliyochanganywa na gazeti lililochanwa vipande vidogo, kiini cha yai la kuchemsha kwa ajili ya salfa, na maganda ya mayai yaliyosagwa. Juu yake nilishindilia matope matupu, nikamalizia na maji ya ziwa. Chupa za mwanzo ziliharibika: nilizianika kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri hadi maji yakawa ya moto, na moja niliyoifunga kwa nguvu ilivimba kwa gesi. Nilizihamishia penye mwanga usio na jua kali, nikafunika kwa nailoni yenye matundu. Wiki ya tatu weusi ulianza kupanda kutoka chini. Weusi huo ni salfidi ya chuma: bakteria wanaopumua kwa salfeti (chumvi yenye salfa) badala ya oksijeni hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, nayo huungana na chuma kilichomo matopeni. Kufikia wiki ya saba, katikati palitokea doa la zambarau, dalili ya bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga na gesi hiyo hiyo bila kutoa oksijeni, ilhali juu kulikuwa na utando wa kijani wa mwani na sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea), ambao huitoa oksijeni hiyo.

Chupa ya chumvi ndiyo iliyonitesa, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilinunua magadi sokoni, nikayayeyusha katika maji na kuyamimina kwenye matope ya Luchelele, nikangoja miezi mitatu bila kuona rangi yoyote. Kosa lilikuwa langu. Maji yenye chumvi nyingi hufyonza maji kutoka ndani ya seli, na kiumbe asiye na namna ya kusawazisha hali hiyo hunyauka. Bakteria wa maziwa ya chumvi hulimbikiza ndani ya seli zao potasiamu au kemikali maalumu zinazozuia maji yasitoke, uwezo ambao wakazi wengi wa Luchelele hawana. Nilihitaji matope ambayo wenyeji wake walikwishaizoea chumvi.

Likizo iliyofuata nilipanda basi hadi Singida, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, wakati Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nilirudi na mtungi mdogo wa matope na maji ya Ziwa Singidani, ambalo ni la chumvi. Katika chupa niliyoijaza matope hayo, wiki ya tisa mstari wa waridi ulijitokeza, nami niliwakanya wanafunzi wasitaje jina la bakteria kwa kuangalia rangi peke yake.

Binti mmoja aliuliza kama hivyo ndivyo hali ilivyo kwenye milima mirefu zaidi. Niliwaeleza habari za uwanda wa chumvi wa Uyuni nchini Bolivia, ulio mita 3,656 juu ya usawa wa bahari, ambako pamoja na chumvi kuna baridi kali ya usiku na miale mikali ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Vijidudu wengi wa mazingira ya namna hiyo hujikinga kwa rangi za karotenoidi, jamii moja na rangi ya karoti. Chupa zetu za plastiki huzuia sehemu iliyo kali zaidi ya miale hiyo, kwa hiyo jambo hilo hatukuweza kuliigiza, nami nilisema hivyo waziwazi.

Chupa ya Luchelele niliirudisha kwa yule mzee. Aliigeuza polepole mkononi, akafunua nailoni na kuinusa, akasema, "Harufu hii ndiyo inayopanda tukichomeka upondo kwenye mafunjo. Kumbe ni pumzi yao."