Kutoka Miritini hadi kinamasi cha Enkongo Narok

Kwa Amboseli, treni ya kukata tikiti ni ile ya saa 2 asubuhi inayosimama vituo vya njiani. Ya haraka itakupitisha Emali, kituo chako cha kushukia, ukiiangalia dirishani. Tulifika Miritini, kwenye stesheni ya SGR ya Mombasa, saa 1 kamili: mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa kwanza, na foleni hiyo haina mwenyewe.

Emali tulichukua matatu ya Loitokitok tukashuka Kimana, lami njia nzima. Gari la mbugani lipange mapema, kwani kwa miguu au kwa boda huingii. Kiingilio nacho ni cha eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa hiyo kilipe ukiwa bado na mtandao; noti getini hazina kazi.

Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi, na Kilimanjaro wakati huo mara nyingi iko wazi. Ikifika saa 4 mawingu huwa yameshaifunika. Wengi wakishapiga picha ya mlima hurudi kunywa chai, na hapo ndipo wanapokosea, maana ndovu wengi hulala nje kwenye nyika kavu, na jua likishapanda ndipo huteremka majini.

Enkongo Narok kwa Kimaasai ni jicho jeusi, jicho kwa maana ya chemchemi, kama sisi tusemavyo jicho la maji. Mvua na theluji ya mlimani huzama kwenye mwamba wa volkano, hupita chini kwa chini na kuchomoza hapa. Ndiyo maana Septemba, Ziwa Amboseli lenyewe likiwa limekauka, kinamasi bado ni kijani. Si kama mikoko ya Tudor, ule mkono wa bahari wa Mombasa. Haya maji hayajui kujaa na kupwa.

Tulizima injini. Ndovu aliyekuwa karibu alizungusha mkonga kwenye kishungu cha majani, akaking'oa na kukikung'uta majini mara mbili tatu mpaka tope likatoka, ndipo akala. Alipotoka alikuwa na rangi mbili: chini mweusi, juu kijivu cha vumbi, na mpaka umenyooka kama alama ya maji ubavuni mwa dau. Yangeyange walimfuata miguuni wakidaka wadudu.

Vumbi la huku ni laini kama unga, lina chumvichumvi. Beba leso mbili, moja ya pua, moja ya kamera, na lenzi usiibadilishe nje. Mvua ikinyesha vumbi hilohilo hugeuka utelezi. Pembeni mwa barabara juu huonekana pakavu, kumbe ni ganda tu. Gurudumu likilivunja, gari hukaa kwa tumbo.

Kilima cha Noomotio kinaruhusiwa kupandwa kwa miguu, na saa 10 jioni ndiyo saa yake: kinamasi kiko chini yako, ndovu wanarudi nyikani kwa misururu. Geti hufungwa saa 12 jioni. Shuka mapema, kwani misururu hiyo ikivuka barabara hakuna wa kuipigia honi.