Karatasi ya damu ilisema chumvi iko chini, nusra nimwongezee mtoto

Naandika hii juu najua kuna mama mahali ameshika majibu ya maabara na hajui afanye nini, vile nilikuwa.

Tunakaa Nyalenda hapa Kisumu. Kijana wangu alikuwa na mwaka 1 na miezi 7, kuhara kunaisha kunarudi, halafu miguu ikafura nikadhani ananenepa. Mhudumu wa afya wa mtaa akabonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki hapo hapo. Akasema mama, huyu ni hospitali leo.

Akalazwa, wakasema ni utapiamlo mkali, damu ikatolewa, majibu yakarudi sodiamu chini, potasiamu pia chini. Sasa mimi najua sodiamu ni chumvi, na mama mkwe alikuwa amefika na uji wa wimbi uko na unga wa omena, nikauliza sista kama naweza tia chumvi kidogo. Akakataa kabisa. Alinieleza pole pole, na nashukuru sana alichukua hio muda: kwa mwili wa mtoto kila seli iko na kitu kama pampu, inatoa chumvi nje na kuingiza potasiamu, sasa akikosa lishe pampu inachoka, chumvi inajaa ndani, potasiamu inaenda na kuhara. Kwa hivyo damu inaonyesha chumvi kidogo na mwili umejaa chumvi. Ndio maana hata ORS ya kawaida, ile dawa ya maji ya kuhara, waliiondoa wakaweka ReSoMal, ya watoto wenye utapiamlo, iko na chumvi kidogo na potasiamu mingi.

Na uji pia hapana. Chakula kingi mara moja kinafanya fosfeti ya damu ishuke ghafla na moyo unaweza simama. Alikuwa anapewa F-75, maziwa yenye potasiamu, magnesiamu na zinki tayari, mililita 60 kila masaa 2, hata usiku. Niliweka alamu kwa simu na kila kikombe naandika kwa daftari. Mama mkwe aliumia, nikamwambia mama, tungoje kidogo tu. Dawa ya kuongeza damu pia ilingoja mpaka aanze kuongeza kilo.

Siku ya tano kilo zilishuka kutoka 7.4 hadi 6.7, nikalia. Kumbe ni maji ya ile kufura ilikuwa inatoka. Baada ya hapo akaanza kunyakua kikombe mwenyewe, tukarudi nyumbani na Plumpy'Nut, ile pakiti ya chakula cha karanga ya watoto wenye utapiamlo. Ile tepe ya kupima lishe kwa mkono sai inasoma kijani, yaani yuko sawa, na omena za nyanyake anakula.