Vitumbo vilivyomo ndani ya kanzu

Nnashona kanzu hapa Chake Chake mwaka wa 14 sasa na madaftari yangu ya vipimo yote nnayo, situpi hata moja. Juzi kabla ya Idi alikuja kijana mteja wangu wa siku nyingi, nikafungua daftari la 2019 kiuno chake inchi 33, nikampima upya, 39. Ana miaka 29 tu. Nikaanza kupekua kurasa za wenzake wa rika lake nako ni yale yale, 32 imekuwa 37, 34 imekuwa 40, na hawa siyo watu wenye wajukuu jamani, ndo hawa hawa wa boda, walimu wa skuli, wa maofisini.

Kanzu nalipenda vazi hili na ndo linanilisha, lakini suruali ikikubana unajua umenenepa, kanzu inakupokea tu mwaka baada ya mwaka.

Mie mwenyewe nilikuwa humo humo. Mwaka jana, nna miaka 34, nilikwenda spitali kwa mafua tu, nesi akanifunga mkanda wa presha ikasoma 152 kwa 98, akanambia kaa upumzike, akapima tena ikawa vile vile. Wakataka nirudi wiki ya pili maana presha haiamuliwi kwa kipimo cha siku moja, nikarudi, 148 kwa 96, na wao kuanzia 140 kwa 90 wanahesabu unayo. Na mie kichwa hakiniumi, moyo haunendi mbio, nalala vizuri, nacheza na wanangu! Sukari nikapimwa asubuhi sijala kitu, 6.4, daktari akasema kisukari kinaanzia 7.0, yaani nipo mlangoni.

Halafu akatoa tepu, tepu kama hii yangu ya kushonea. Akaipitisha kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akanambia toa pumzi. Wateja wangu nikiwapima wengi wanavuta tumbo ndani, na mie nikajikuta nalivuta, akasubiri kimya mpaka nikaliachia. Sentimita 104. Akanambia kwa mwanamme ikipita 94, na mwanamke 80, tayari ni alama ya hatari, kwa sababu kuna mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole na kuna mengine yako ndani kabisa yamezunguka ini na matumbo, na hayo ya ndani ndo yanaifanya insulini, ile ya mwilini inayoitoa sukari kwenye damu, isifanye kazi sawasawa, sukari inabaki kwenye damu, mafuta ya damu nayo yanapanda, na presha inaisukuma mishipa usiku na mchana. Kimoja kimoja ni kibaya, vikikutana vitatu kwa mtu mmoja ndo moyo unaelemewa, na ukianza kuubebesha mzigo huo na miaka 30 basi ukifika 50 umeshaubebesha miaka 20.

Nikakaa nikafikiri imekujaje. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, 2018 nikaitia mota, kazi ikawa nyepesi na miguu ikalala kutwa nzima. Baskeli nikaiacha nikawa napanda boda. Chai ya sukari nyingi na mandazi naletewa hapo hapo kitini, mchana chipsi, na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, karibu kila siku, kumbe chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isifike hata gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ya mchuzi, ya mkate, ya kila kitu.

Sasa nakwenda kazini kwa miguu kutoka Machomanne, chai siitii sukari, kidonge cha presha nameza kila asubuhi wala sikiachi hata nikijisikia mzima. Kiuno kimeshuka inchi 3.

Yule kijana aliniambia, "Fundi we ongeza nafasi tu, presha ya wazee hiyo." Nikamwambia ntaongeza, ila kesho asubuhi tunakwenda wote ukapime. Tukaenda. 146 kwa 94, ameambiwa arudi wiki ijayo, na amenipa ruhusa niandike haya. Kanzu yake nimeishona ya 39 kama alivyotaka, lakini ubavuni nimepiga mshono mmoja tu, siyo miwili kama kawaida yangu, ili siku ya kuipunguza nifumue haraka.