Ndege imetua zamani, mbona hatufiki?

Abiria wengi tukishatua tunaanza kununa. Magurudumu yamegusa chini, watu washawasha simu, wengine washafungua mikanda kabla ya wakati, alafu ndege inatembea, inakata kona, inasimama, inatembea tena, robo saa inakatika na geti hata halionekani. Lawama zote kwa rubani. Kumbe jibu liko kwenye ramani ya uwanja, na ile ramani ilichorwa miaka mingi kabla hujakata tiketi.

Chukua Schiphol ya Amsterdam. Ina ranwei sita, yaani zile njia ndefu za ndege kutua na kuruka, na ile ya mbali kabisa inaitwa Polderbaan, ilifunguliwa 2003 na ikapelekwa kule makusudi ili kelele zipungue kwa watu wanaoishi karibu na uwanja. Ukitua huko hesabu dakika 10 mpaka 20 za kutembea na ndege mpaka jengoni, njiani mnavuka daraja na magari ya barabara kuu yanapita chini yenu. Ni mbali kiasi kwamba ranwei hiyo ina mnara wake wa kuongozea ndege. Na ukishashuka, miguu nayo ina zamu yake, maana jengo la abiria ni moja lenye matawi marefu yaliyotawanyika, kwa hiyo geti la mwisho la tawi moja na la mwisho la tawi lingine ni safari kabisa.

Ila mi nasema hivi, bora njia ndefu kuliko njia fupi inayokatiza ranwei nyingine.

Kwa nini? Wakati wewe unaona mnazunguka tu, kule mbele kuna kazi nzito. Mnara unawasomea njia kwa herufi na namba, rubani mmoja anarudia maelekezo neno kwa neno redioni, mwingine anaendesha, chati ya uwanja iko wazi mbele yao. Wakifika pembeni ya ranwei wanakuta mistari minne ya njano, miwili imenyooka na miwili ya vipande vipande. Ukiikuta ile iliyonyooka upande wako, hapo hapiti mtu bila ruhusa ya mnara, hata kama huoni ndege yoyote. Na ruhusa ikitoka bado wanaangalia kushoto na kulia kwa macho yao wenyewe. Sasa kila ranwei inayokatizwa ni zoezi hilo upya, usiku, kwenye mvua, mwisho wa safari ya masaa kumi, watu wamechoka.

Atlanta ya Marekani ndo waliifikiria vizuri. Ranwei tano zote sambamba, majengo ya abiria yako katikati, abiria wanapita chini kwa chini na treni. Kawaida yao ranwei za nje ni za kutua na za ndani ni za kuruka, maana yake kila anayetua lazima aikatize ya ndani ndo afike getini, na pale zinatua ndege mamia kwa siku. Basi 2007 wakafungua njia upande wa kaskazini inayozunguka mwisho wa ranwei, wakaichimba chini kama mita 9 ili ndege inayoruka ipite juu ya ile inayozunguka bila kusubiriana. Kwa kilomita ni ndefu zaidi, lakini hakuna kusimama kuomba kupita, na abiria wa dirishani anaona ndege nyingine inapaa juu yake. Mi hapo nawavulia kofia kabisa.

Uwanja ukikosa nafasi mambo yanakuwa mengine. Tenerife, kisiwa cha Hispania, Machi 27, 1977, uwanja wa Los Rodeos ulikuwa na ranwei moja tu, njia ya pembeni imejaa ndege zilizoegeshwa baada ya kuelekezwa pale ghafla, ikabidi ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na moja ya Pan Am, zitembee juu ya ranwei yenyewe kwenda kuanza kuruka, na ukungu ukashuka. Pan Am iliambiwa itoke njia ya tatu, ambayo kona yake kwa Boeing 747 ilikuwa kali mno, karibu kugeuka kurudi ilikotoka. Pan Am bado iko humo kwenye ranwei, KLM ikaanza kuruka bila ruhusa, zikagongana. Watu 583 walikufa. Makosa ya mawasiliano yalikuwepo, ndiyo, na ndo yanayotajwa sana, lakini uwanja uliziweka zile ndege kwenye lami moja.

Kuna na umbali wa ranwei kwa ranwei. San Francisco zile zilizo sambamba zimeachana kama mita 230 tu, kwa miaka mingi hali ya hewa ikiwa safi ndege mbili zilikuwa zinashuka bega kwa bega, mawingu yakishuka ilikuwa hairuhusiwi tena hivyo, idadi ya kutua inapungua sana na ndege zinazuiliwa kuruka huko huko zilikotoka. Ndo unakaa geti la mji mwingine kabisa, jua linawaka, unaambiwa hali ya hewa mbaya.

Na muda wa kufika ulioandikwa kwenye tiketi ni wa kufika getini, mashirika yanaujua huo mzunguko na yameshauhesabu. Ukinunua tiketi ya kuunganisha, angalia ramani ya uwanja wa kubadilishia kwanza, kama unahama jengo au unapita pasipoti katikati basi usikubali dakika 50, chukua ndege inayofuata.