Ubuyu wa mama hauchemshwi

Nimekulia Mpwapwa, na kwetu matunda ya porini hakuna aliyeyaita lishe. Yalikuwa mambo ya watoto. Unatumwa kuni, unarudi na ulimi mweusi kwa furu, bibi anauliza kuni ziko wapi. Wachunga mbuzi walikuwa mabingwa wa ng'ongo, tunda la mti wa mng'ongo (marula): wakishafyonza nyama yake wanaanika kokwa, kisha wanazipasua juu ya jiwe na kuchokonoa kiini kwa mwiba. Nusu saa nzima kwa kiganja kimoja! Kumbe zaidi ya nusu ya kile kiini ni mafuta, na robo na ushei ni protini. Watu wanaoshinda na mbuzi bila chakula cha mchana walijua wanachokitafuta.

Mimi nimekuja kuyajua haya ukubwani, huku Dar, na chanzo ni maepo. Mwanangu wa pili alipungukiwa damu kidogo, nikaambiwa nimpe maharage, mboga za majani na matunda. Niliposikia matunda, mbio nikanunua maepo, yale yenye vistika. Mama alikuwa amekuja kunitembelea. Akayatazama pale mezani, akauliza, "Hivi ndivyo vinaongeza damu?" Kwenye kikapu chake kulikuwa na mfuko wa ubuyu.

Nikaenda kusoma. Tunda peke yake haliongezi damu. Vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, tena ni lazima viliwe mlo mmoja. Gramu 100 za epo hazifikishi hata miligramu 10 za vitamini hiyo. Chungwa lina kama 50. Unga wa ubuyu hutofautiana mbuyu na mbuyu, ila vipimo vingi viko kati ya 150 na 300, na vingine vinapita hapo. Bila kutiana chumvi lakini: hakuna anayekula gramu 100 za ule unga. Vijiko viwili kwenye bakuli la uji ni kama chungwa moja dogo, pengine pungufu. Wanaouza vikopo na kusema unatibu kila kitu tuwaache na biashara yao. Kwangu inatosha kwamba kuna kalsiamu ya mifupa na nyuzinyuzi tele, na kwamba buyu hukaukia mtini lenyewe, ndani ya gamba lake, kwa hiyo machungwa yakiadimika ubuyu bado upo.

Aibu yangu ni juisi. Nilikuwa nauchemsha ubuyu nusu saa, na sukari, mpaka uwe mzito. Mama aliponikuta jikoni alicheka. "Mwanangu, umeshauua huo." Yeye uji anauepua kwanza, anauacha upoe kidogo, ndipo anatia unga wa ubuyu na kukoroga. Ukiuliza sababu atakwambia ladha inakimbia. Kinachokimbia ni vitamini C pia, maana haivumilii moto mrefu. Siku hizi naloweka ubuyu kwenye maji ya kunywa usiku, asubuhi naupekecha kwa mwiko, nachuja, basi.

Na ukwaju nao ulinidanganya miaka mingi. Nilidhani kila kichachu kina vitamini C. Uchachu wa ukwaju unatokana na asidi nyingine kabisa, vitamini C yake ni kiduchu. Una potasiamu na magnesiamu ya kutosha, nami naupenda kwenye samaki, ila kwa kazi ya yale maharage siutegemei.

Tatizo lililobaki ni wanangu. Ubuyu wanaoujua wao ni ule mwekundu wa dukani, uliopikwa na sukari, rangi na iliki, unaopaka vidole mpaka kesho. Jana nimewawekea mweupe. Mkubwa amemumunya, akatema mbegu kiganjani, akazihesabu. Mdogo ameuangalia tu, akaniuliza, "Mama, huu haujaiva?"