Tonto yangu ya kwanza

Jana usiku jerikeni ya lita 20 ya tonto, pombe ya ndizi ya Uganda, imenipigia bomu jikoni. Nilinunua ndizi za mbidde (ndizi za kutengenezea pombe), nikazivundika zikaiva, nikazikamua kwa nyasi mpaka viganja vikawasha (nyasi zile zinakata, msidanganywe), nikatia maji na mtama uliokaangwa ukasagwa. Mpaka hapo safi. Kosa ni kukaza kifuniko wakati pombe inachacha, gesi ikakosa pa kutokea! Shangazi wa Masaka aliniambia nifunike kwa majani ya mgomba, mimi nikajifanya msomi. Saa nane usiku, pwaa! Tonto mpaka darini. Iliyobaki, vikombe vitatu hivi, nimeionja asubuhi: kali kidogo, utamu wa ndizi unakuja nyuma, na harufu ya mtama wa kukaanga. Jirani anauliza nitapika lini tena. Kwanza aje tupige deki.