Nilivyompata mchavushaji wa mwegea

Msimu wa kwanza niliharibu. Nilikuwa nafika chini ya mwegea, ule mti wa matunda marefu kama soseji, asubuhi na daftari langu, nahesabu nyuki mpaka macho yanauma, kisha nikaandika kwa kujiamini kwamba nyuki ndio wachavushaji. Msimamizi wangu alisoma, akauliza swali moja tu: "Ua linafunguka saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Linafunguka jioni, giza likiingia, na asubuhi linadondoka. Nyuki wangu walikuwa wanakuja kuokota masalia. Na ua lenyewe lilikuwa limeshasema kila kitu, ila sikusikiliza: pana kama kikombe, wekundu wake mzito unakaribia weusi, linaning'inia mbali na majani kwenye kikonyo kirefu kama kamba, mahali ambapo mnyama mwenye mabawa makubwa anafika bila kugonga matawi. Harufu yake, tuseme tu, si ya kuweka sebuleni. Dalili zote zilielekeza kwa popo. Popo wa Afrika wanaokula matunda kwa sehemu kubwa hawatumii mwangwi wa sauti zao kutafuta njia. Wanatafuta chakula kwa pua na macho. Kuba kuna mmea uitwao Marcgravia evenia ambao juu ya maua yake una jani lililobonyea kama bakuli la kurudisha mwangwi, kwa sababu popo wa huko huongozwa na masikio. Kazi ni ile ile, mageuko yamepita njia mbili.

Msimu wa pili nilihamia usiku. Taa nyeupe ya kichwani iliwafukuza popo wote, nikabadilisha nikavaa nyekundu. Kisha mifuko ya neti: maua mengine niliyafunika usiku na kuyafungua alfajiri, mengine niliyaacha wazi usiku nikayafunika kabla nyuki hawajaamka, mengine hayakufunguliwa kabisa. Kila kikonyo nilikifunga uzi wa rangi yake. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo upepo ulipoichukua mifuko mitano, nikaanza upya.

Yale ya mchana tu hayakutoa tunda hata moja. Ya usiku yalitoa, machache.

Kwa nini machache? Nilichukua brashi nikachavusha mwenyewe. Chavua ya mti ule ule haikufanya kitu, ya mti mwingine ikashika. Familia ya mwegea, ambamo umo hata mjakaranda, ina spishi nyingi zinazokataa chavua yao wenyewe. Kwa hiyo mgeni anayezunguka kwenye mti mmoja usiku kucha hausaidii mti, hata akinywa mbochi wote, yale maji matamu ya ua.

Popo mmoja nilimwona vizuri. Alilikumbatia ua, akazamisha kichwa, akatoka na shingo yote ya manjano. Hakugusa ua la pili. Aliruka juu yangu akaelekea kwenye mwegea wa ng'ambo ya bonde.